Kliniki ya afya ya akili hospitali ya mkoa: nyota nne kwa manesi, mbili kwa dirisha la dawa

Naandika hii kwa wale wenye mtu nyumbani wanamwona kabisa hayuko sawa ila hawajui waanzie wapi, maana mimi nilipokuwa natafuta habari za hizi kliniki nilikuta watu wanauza dawa za mitishamba tu au wanaongelea hospitali za nje ya nchi, hakuna aliyesema ukifika pale getini unaenda dirisha gani, unaulizwa nini, na mgonjwa wako anafanywa nini. Nampeleka mdogo wangu kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa, Tanzania bara, muda mrefu sasa. Jina la hospitali silitaji kwa sababu humu ndani kuna malalamiko na sitaki yamwangukie nesi ambaye ndo ametubeba, ila hizi kliniki zinafanana sana mkoa hadi mkoa kwa hiyo mengi ya hapa utayakuta na kwenu.

Maoni yangu nayatoa mapema kabisa asiyetaka kusoma yote ayapate: matibabu yapo na yanafanya kazi, nimeona kwa macho yangu. Kinachowakimbiza watu ni kutokuelezwa. Pale tulipoelezwa tulisimama imara, pale ambapo hatukuelezwa nusura familia nzima irudi kwa mganga.

Mdogo wangu ni fundi simu, ana kibanda chake karibu na stendi. Ugonjwa ulianza na usingizi. Anafunga kibanda usiku, anarudi nyumbani, hali, halali, anaongea tu mpaka kunakucha na wala hachoki, na siku za mwanzo sisi tulifurahi jamani maana alikuwa mchangamfu kuliko kawaida yake, mipango kibao, mara anafungua tawi Mwanza mara Mbeya, anachora ramani za maduka kwenye daftari la mtoto wangu wa shule. Halafu akaanza kugawa. Simu za wateja akawapa watoto wa pale mtaani, hela ya mama ya marejesho ya vikoba akaenda kununulia viti vya plastiki vya kukodisha, akamfokea mjumbe kwamba mtaa wote ule ni mali yake. Ukimpinga anakuwa mkali, na huyu siyo mtu wa ukali hata kidogo, tangu utotoni.

Nyumbani pakagawanyika. Shangazi akasema kijana karogwa, kibanda chake kinauza kuliko vya wenzake. Mama akataka maombi. Baba mkubwa akaja na kamba ya katani akasema afungwe mpaka atulie, na najua alifanya kwa uchungu, alikuwa anaogopa kijana atakimbilia barabarani agongwe na magari. Nikamwambia "baba mkubwa naomba hiyo kamba tuiweke kwanza, tumpeleke hospitali, ikishindikana utanisema", namshukuru alinisikiliza ingawa mimi kwake ni mtoto. Waliofanikisha kabisa ni marafiki zake wa kijiweni, walimwambia oya twende tukapime presha wote, wakapanda naye bajaji hao wakaenda. Kama una mgonjwa anayekataa kwenda, tafuta mtu anayemwamini, usitume mtu mwenye cheo kwenye ukoo.

Sasa huduma yenyewe. Tuliingilia mapokezi ya dharura na hapa natoa sifa bila kubana. Nilidhani wakiona mtu anaropoka watasema tu huyu mpelekeni huko nyuma. Dokta wa zamu alianza na vipimo: malaria, sukari, VVU, kaswende, akauliza kama ana homa, kama ameanguka akagonga kichwa, kama ana kifafa, kama anavuta bangi, kama anakunywa gongo na ameacha lini. Nikamwuliza dokta kaswende na kuropoka wapi na wapi, akanieleza vizuri tu kwamba kuna magonjwa ya mwili yanayoweza kumvuruga mtu akili ukadhani ni kichaa, malaria kali ikipanda kichwani, sukari ikishuka sana, kaswende iliyokaa miaka mingi bila kutibiwa, hata mlevi wa kila siku akiacha pombe ghafla anaweza kuanza kuona vitu ambavyo havipo na asipotibiwa haraka akafa. Kwa hiyo ukifika mahali mgonjwa anapewa dawa za kichwa bila kupimwa chochote, uliza. Una haki ya kuuliza.

Vipimo vikawa safi vyote. Akachomwa sindano ya kumtuliza, akalala. Mama alivyomwona amelala akaanza kulia, maana siku nyingi zile alikuwa hajaona mwanae amefumba macho.

Wodi sitaipamba. Iko nyuma kabisa, unapita mochwari, unapita pale wanapochomea taka, ndo unafika. Ukuta umebanduka rangi, choo kimoja, vyandarua vimetoboka. Najua hospitali zina shida nyingi ila huwezi kumwambia mgonjwa na ndugu zake kwamba huu ni ugonjwa kama magonjwa mengine halafu ukamlaza jirani na mochwari. Wodi ya wazazi imepakwa rangi mwaka jana, ya macho imepakwa, hii hapana. Kwa hilo nawapa nyota moja na sijutii.

Tukaruhusiwa tukapewa haloperidoli, mfuko mdogo wa kaki umeandikwa kutwa mara mbili, basi. Siku chache mbele, jioni, amekaa kwenye mkeka shingo ikaanza kuvutwa kwenda kushoto yenyewe. Macho yakapanda juu kikabaki cheupe tu, taya likakaza, mate yanatiririka, ulimi umevimba haurudi ndani vizuri. Na anasikia kila kitu! Nilimshika mkono nikamwambia kama unanisikia bonyeza, akabonyeza. Shangazi akasimama mlangoni akasema "si niliwaambia, wenyewe wamekasirika kupelekwa hospitali". Na niwaambie ukweli, pale kwenye kile chumba kila mtu alimwamini shangazi, maana hakuna aliyekuwa ametuambia jambo lingine.

Tukamrudisha hospitali mbio. Nesi wa zamu, mama mtu mzima, alimwangalia mara moja tu akasema "ni dawa hiyo, msiogope", akachoma sindano, na kabla sijamalizana na dereva wa bajaji kuhusu nauli shingo ilikuwa imenyooka mdogo wangu anaomba maji. Halafu huyu mama akafanya kitu ambacho kwangu ndo huduma bora kuliko zote nilizopata kwenye hospitali hiyo, alivuta kiti akakaa na sisi wote, na shangazi akiwemo, akaeleza. Kwamba haloperidoli inapunguza nguvu ya kemikali moja kwenye ubongo inaitwa dopamini, hiyo ikizidi kufanya kazi mtu anapandisha, yaani anachangamka kupita kiasi kama alivyokuwa mdogo wangu, anasikia sauti, anaamini vitu visivyokuwepo. Ila kemikali hiyo hiyo ndo inayosaidia misuli itembee sawa, sasa dawa ikiibana baadhi ya watu misuli inakaza ghafla, hasa vijana wa kiume, hasa siku za mwanzo mwanzo. Inatisha kuiona ila inatibika kwa sindano moja, na kuna vidonge vya kuizuia, benzeksoli, watu wengi pale kliniki wanaviita atani, ambavyo tulitakiwa tupewe siku ile tunaruhusiwa lakini vilikuwa vimeisha dirishani. Shangazi akauliza "kwa hiyo mwanangu wenyewe hawajakasirika?" Nesi akamjibu taratibu, "hapana shangazi, ni misuli". Tangu siku hiyo shangazi ndo anayekumbusha dawa kila jioni.

Angalia hapo. Maneno yale yale yangesemwa siku ya kuruhusiwa, yangechukua dakika tano, yangetuokolea usiku ule. Ni familia ngapi shingo imepinda wakaenda kwa mganga badala ya kurudi, na mganga akapata ushahidi wake? Dawa ikiisha mwilini shingo inarudi yenyewe, mganga anasema nimewatoa, na mgonjwa harudi tena hospitali. Hili ndo jambo linaloniuma kuliko mochwari, kuliko choo.

Kliniki yenyewe kwa sisi ni Jumanne. Dokta wa magonjwa ya akili alituita ndani wote, mimi, mama na mgonjwa. Nilipenda kwamba alianza kumsalimia mgonjwa kabla yetu, akamwuliza yeye mwenyewe anajisikiaje, mama akitaka kumjibia anamwambia "subiri kidogo mama, tumsikie kijana". Akachukua karatasi ya maabara akaigeuza nyuma akachora mstari uliolala, akasema huu ndo mimi na wewe, siku nzuri unapanda kidogo, siku mbaya unashuka kidogo. Halafu akachora mwingine unapanda juu sana, unakaa wiki kadhaa, unadondoka chini ya mstari, unakaa huko muda mrefu zaidi. Huu ni wa kijana wenu, ugonjwa unaitwa baipola. Mama akakumbuka hapo hapo kwamba mwaka wa nyuma kijana aliwahi kukaa ndani karibu miezi miwili hafungui kibanda, haogi, tukasema uvivu, tukasema mapenzi yamemvunja. Dokta akaweka alama kwenye ule mstari upande wa chini, akaandika mwezi. Ile karatasi tunayo mpaka leo kwenye faili.

Akatutofautishia pia maana sisi tulikuwa tunaita yote kichaa. Sonona ni kushuka tu bila kupandisha, mtu anapoteza hamu ya kila kitu, usingizi unavurugika, anajiona hana thamani, inakaa wiki mbili au zaidi, mbali na huzuni ya kawaida ya kufiwa au kukosa hela. Skizofrenia ni pale mtu anaposikia sauti za watu ambao hawapo, anaamini anafuatiliwa, mawazo yanakatikakatika, na taratibu anajitenga, mara nyingi inaanza ujanani. Baipola ndo hiyo ya kupanda na kushuka, na katikati mtu anaweza kuwa mzima kabisa akafanya kazi zake. Inasaidia sana kujua maana dawa ni tofauti. Mwenye baipola akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kupandishwa juu, kwa hiyo dokta anayekuandikia bila kuuliza kama umewahi kupandisha hajakusikiliza vizuri.

Dawa aliyopewa ya kudumu ni valproeti. Nikauliza habari ya litiamu kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba ndo dawa ya zamani ya baipola, dokta wa Australia anaitwa John Cade aliandika tangu mwaka 1949 kwamba inatuliza watu waliopandisha na mpaka leo inatumika dunia nzima. Akasema ni kweli, ni dawa nzuri sana, ila kiwango kinachotibu na kiwango kinacholeta sumu havijaachana mbali, lazima damu ipimwe mara kwa mara, na figo na tezi ya shingo ziangaliwe, na maabara ya pale haina kipimo hicho, kwa hiyo kuianzisha bila kipimo ni kumhatarisha mtu. Nilimheshimu kwa jibu hilo. Halafu akaongeza kitu ambacho akina dada wote wanaosoma hapa washike: valproeti kwa mwanamke anayeweza kupata mimba ni hatari kwa mtoto, inaweza kuharibu uti wa mgongo wa kichanga na kuathiri akili yake, kwa hiyo kama ni dada na umeandikiwa hiyo, iwe ya akili iwe ya kifafa, mwambie dokta mapema kuhusu uzazi, na usiiache tu mwenyewe ghafla maana kuacha ghafla nako kuna madhara yake.

Foleni ndo mahali pa kujifunzia kuliko popote. Kliniki inahudumia na wenye kifafa pia kwa hiyo benchi linajaa mapema. Utaona mama kajifunika kanga mpaka machoni asionekane na jirani, kumbe jirani naye yupo upande wa pili kajifunika. Kuna watu wanaoacha hospitali ya wilaya yao wanakuja mkoani ili wasijulikane, wanalala stendi. Wapo wa sindano ya mwezi, hawa wanaingia na kutoka haraka, dawa inachomwa kwenye nyama inatoka kidogo kidogo mwezi mzima hadi sindano nyingine, nzuri sana kwa mtu anayesahau vidonge au anayeficha chini ya ulimi. Kulikuwa na binti amejifungua siku si nyingi, kaletwa na mume na mama mkwe, alikuwa anasikia sauti inamwambia mtoto siyo wake. Nesi alimpitisha mbele ya foleni nzima na hakuna aliyelalamika. Akatueleza baadaye kwamba hiyo huwa inakuja ghafla, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza baada ya kujifungua, ni ya dharura, asiachwe peke yake na mtoto, na wengi wao wakitibiwa wanarudi kuwa wazima kabisa. Tulikuja kumwona tena huyo binti kaja na mtoto mgongoni, mnene, anacheka.

Mama yangu hofu yake kubwa ilikuwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Hapa Tanzania ukitaka kumtukana mtu unamwambia atapelekwa Mirembe, kwa hiyo kila dokta alipofungua mdomo mama alikuwa anasubiri neno hilo. Mirembe ipo Dodoma tangu enzi za Mwingereza, 1927, na Lutindi kule Korogwe ni ya zamani zaidi, Wajerumani waliianza kama kituo cha watoto waliokombolewa utumwani halafu 1904 wakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Enzi hizo hakukuwa na dawa za akili kama hizi za leo, zaidi ilikuwa ni kumtunza mtu na kumfungia, mpaka miaka ya 1950 ilipoanza klopromazini huko Ufaransa ndo watu wakaanza kutoka na kurudi makwao. Sa hivi anayepelekwa Mirembe ni yule ambaye mkoani wameshindwa kumtuliza au kesi yake iko mahakamani, na anarudi. Wengi wetu tunatibiwa tukitokea nyumbani, hatulazwi kabisa.

Kuhusu maombi nesi alimwambia mama "wewe omba mama yangu, kila siku omba, na dawa naye anywe kila siku", na mchungaji wetu alipoambiwa hivyo naye akakubali, Mungu ambariki. Ila wale wanaofunga watu minyororo, wanaowachanja, wanaowanyima chakula wakisema wanafukuza pepo, hao mimi siwaheshimu na sitajifanya nawaheshimu. Nimeona kwenye ile foleni vifundo vya miguu vyenye makovu ya mnyororo. Na watu wanaogopa wagonjwa wa akili kwamba watawadhuru wakati anayepigwa mawe na watoto barabarani ni mgonjwa, anayeibiwa ni mgonjwa, dada mgonjwa anayelala nje ndo anayebakwa.

Kitu kingine kizuri nilichokiona, dokta alimwuliza mdogo wangu mbele yetu, "umewahi kufikiria kujiua?" Mama alishtuka akasema dokta usimtie hayo mawazo. Dokta akaeleza kwamba kumuuliza mtu hakumtii wazo, anayelibeba anapata nafuu kulisema. Na mdogo wangu akajibu ndiyo, ule mwaka wa kukaa ndani, mara nyingi. Sisi tulikuwa chumba cha pili. Huku kwetu sheria bado inahesabu kujaribu kujiua ni kosa la jinai, kwa hiyo familia zinaficha zikiogopa polisi, mtu anatapishwa sumu nyumbani kimya kimya badala ya kukimbizwa hospitali. Wenzetu Kenya Mahakama Kuu ilishakibatilisha kifungu cha namna hiyo Januari 2025 na natamani na huku tufike huko, maana mtu aliyefika pale anahitaji dokta.

Sasa malalamiko yangu mengine mawili.

La kwanza ushauri nasaha. Upo kwa jina. Mtu ni mmoja, siku moja kwa wiki, anahudumia hospitali nzima na wa VVU na wa ukatili wa kijinsia, ukipata dakika ishirini shukuru. Wenye sonona na wenye wasiwasi uliopitiliza wanahitaji mazungumzo, siyo vidonge peke yake. Zimbabwe kuna dokta anaitwa Dixon Chibanda, tangu 2006 amekuwa akifundisha bibi wa mitaani wakae kwenye mabenchi nje ya vituo vya afya wasikilize watu wenye mawazo na kuwasaidia watatue shida moja moja, na utafiti uliotoka 2016 ulionesha waliokaa na hao bibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Bibi na benchi! Hivyo vyote tunavyo, kila kata ina wamama wenye busara na muda, kinachotakiwa ni mafunzo na mtu wa kuwasimamia. Mganga mkuu wa mkoa wowote anayesoma hapa naomba alifikirie hilo kwa uzito.

Na vidonge vya sonona navyo havielezwi. Kijana wa chuo niliyekuwa nakaa naye kwenye benchi alipewa amitriptilini akanywa siku chache akaacha, mdomo unakauka, anasinzia darasani, na huzuni iko pale pale. Hakuna aliyemwambia kwamba dawa hizi zinachukua wiki mbili hadi nne ndo nafuu inaanza kuonekana, madhara madogo madogo yanatangulia, faida inafuata, na kwamba kama kusinzia kunamsumbua anaweza kuomba abadilishiwe apewe kama fluoksetini. Nilimwambia mimi, mtu wa benchi. Hiyo siyo kazi ya mtu wa benchi.

La pili ni dirisha la dawa, na hapa ndo natoa nyota mbili. Dokta anaandika vizuri, nesi anaeleza vizuri, unafika dirishani unaambiwa "hamna, kanunue nje". Siyo mara moja. Valproeti nje ni hela, kwa familia yetu ni hela ya kula siku kadhaa, na kuna wanaotoka vijijini wametumia nauli yote wanarudi na cheti mkononi bila kidonge. Mwezi mmoja tulikosa, tukasema tutanunua mwisho wa mwezi, kabla mwezi haujaisha mdogo wangu alikuwa amerudia kutolala. Mwenye kifafa akikosa anaanguka. Mwenye sindano akikosa anarudi mtaani anaokota makopo na watu wanasema hizi dawa hazitibu. Hospitali inajua idadi ya wagonjwa wake, kadi zipo, faili zipo, tarehe wanajipangia wenyewe. Sielewi kwa nini dawa za watu wanaokuja kila mwezi tarehe ile ile ziwe zinaisha ghafla kila mara. Nimeandika kwenye sanduku la maoni, nimemwona katibu wa afya, kaniahidi, nafuatilia.

Dirisha lenyewe mhudumu anaita majina kwa sauti na anasema "wale wa akili huku". Wamama wanainamisha vichwa. Aite jina tu, inatosha.

Mdogo wangu sasa hivi kibanda kimefunguliwa, wateja waliopoteza simu tunawalipa kidogo kidogo, wengine wamesamehe. Amenenepa, hiyo ni dawa, tunatembea naye jioni. Ananiambia mwenyewe akiona usingizi umepungua usiku mbili mfululizo, maana nesi alimfundisha kwamba kwake usingizi ndo kengele ya kwanza, akilala chini ya kawaida na haoni uchovu asisubiri tarehe ya kliniki, aje. Alishawahi kuja kabla ya tarehe, akaongezewa dozi kidogo, ikaishia hapo, hata majirani hawakujua.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza: fika mapema, kabla ya saa moja, kadi zinachukuliwa kwa mpangilio wa kufika. Nenda na mtu anayelala nyumba moja na mgonjwa, siyo mjomba wa Dar aliyekuja kusalimia, maana maswali yote ni ya usiku, analala saa ngapi, anakula nini, anaongea na nani. Beba dawa zote anazotumia kwenye mifuko yake hata za mitishamba, usizifiche, hawakugombezi na kuna zinazogombana na za hospitali. Zile siku alizoanza kubadilika ziandike kwenye karatasi, ukifika ndani utasahau. Kabla ya kutoka kwa dokta muulize maswali matatu: hii dawa itamletea nini kibaya, kikitokea nifanye nini, na ikikosekana dirishani kuna mbadala gani. Kwetu hilo la tatu sasa dokta anatuandikia mbadala kabisa pembeni ya cheti, na mwezi uliopita huo mbadala ulituokoa. Yule nesi yupo kila Jumanne, chumba cha pili kushoto, ukimwuliza anavuta kiti.